Sungura wa Mtani

Sabina Komba alikuwa na mwavuli mmoja mweusi, wa kiume, wenye mpini wa mti uliopinda, na watu wa Shangani, Mtwara, walizoea kumwona akikingia chupa badala ya kichwa chake. Asubuhi moja kila wiki alishika njia ya machinjioni akiwa na chupa ya mdomo mpana ndani ya kikapu. Mwavuli aliufunua juu ya kikapu, yeye mwenyewe akachomwa na jua. Alikwenda na chupa tupu, akarudi nayo imejaa damu ya mbuzi.

Wachinjaji walimwita Mama Damu.

"Mama Damu, leo unataka beberu au jike?"

"Yeyote, mradi asiwe mvivu kama wewe. Damu ya mvivu haigandi."

Walicheka, wakakinga chupa shingoni mwa mbuzi. Hakuna aliyemuuliza tena damu ile ni ya nini, maana aliwahi kuwaeleza siku moja kwa urefu, na hawakutaka kuelezwa mara ya pili.

Mimi nilifanya kazi naye miaka ile baada ya watu kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa. Maabara yetu ilikuwa nyumba ya vyumba viwili karibu na pwani, na nyuma yake palikuwa na wodi ndogo. Ilianzishwa kwa ajili ya malale tu. Nilikuwa binti niliyetoka chuo kikuu moja kwa moja nikapangiwa Mtwara, ambako sikumjua mtu. Sabina alikuwa mpimaji wa siku nyingi, mwenyeji wa Peramiho, mwanamke mnene mwenye sauti iliyotangulia kuingia chumbani kabla yake. Jumapili aliimba kanisani, na jioni alicheza bao na wanaume wa bandarini, akawafunga. Mimi si msemaji. Yeye alisema kwa niaba yetu sote wawili, na mambo yakaenda.

Malale huletwa na mbung'o. Baadhi ya familia zilizohamishwa zilipewa mashamba mapya juu ya Mahurunga, ukiufuata mto Ruvuma, mahali ambapo msitu ulikuwa haujafyekwa vizuri. Watu waliumwa na mbung'o wakilima, wengine wakaanza kupata homa, kisha kusinzia mchana. Kazi yetu ilikuwa kuwatambua mapema.

Tulifanya hivi. Mtu akiambukizwa, mwili wake hutengeneza kingamwili za kuvishika vimelea vya ugonjwa. Kingamwili hizo hazionekani hata kwa hadubini, na ndiyo sababu tulihitaji kingamwili ya pili. Hii hutoka kwa mnyama aliyechomwa sindano ya kingamwili za binadamu mpaka naye akatengeneza za kwake za kuzishika zile. Huko kiwandani huzipaka rangi ambayo ikipigwa na mwanga wa taa maalumu hung'aa kijani. Basi ukiwa na kioo chenye vimelea vilivyokaushwa, unadondosha seramu ya mgonjwa, yaani yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda. Unasuuza. Unadondosha kingamwili ya pili, unasuuza tena, unazima taa za chumba na kuweka jicho kwenye hadubini yenye taa hiyo. Kama mtu ana malale, unaona vimelea vinang'aa kama samaki wadogo wa kijani katika maji ya giza. Kama hana, unaona giza tu.

Sasa, kioo kina tabia ya kunata. Kingamwili ya pili ikikuta mahali palipo wazi hujibandika hapo bila sababu, na kila kitu kikang'aa hovyo. Kwa hiyo kabla ya yote tulikilaza kioo katika seramu ya mnyama, ili izibe mahali pote panaponata. Mnyama huyo anatakiwa awe wa jamii ile ile iliyotoa kingamwili yenye rangi. Yetu ilitoka kwa mbuzi, basi tuliziba kwa seramu ya mbuzi. Hii ndiyo ilikuwa safari ya Sabina ya machinjioni. Alifanya hivyo tangu maabara ilipofunguliwa, na mikono yake ilikuwa imezoea kiasi kwamba angeweza kuziba vioo huku akisimulia habari za harusi.

Ashura alifika kwetu mara ya pili akiwa na mtoto mgongoni. Mara ya kwanza alikuja mjamzito, mgonjwa wa malale, ameletwa kwa mtumbwi kisha kwa gari la mradi wetu wa malale. Tulimpima, akatibiwa, akapona, akarudi Mahurunga kujifungua kwa mama yake. Sasa hata arobaini ilikuwa haijatimia. Mwanamke wa kwao hatoki nje na mtoto kabla ya arobaini, kwa hiyo nilipomwona tu nilijua kuna jambo.

"Ana homa," alisema. "Hanyonyi vizuri. Mama yangu amenikataza kutoka, nimetoka. Nimeogopa ni ule ugonjwa wangu."

Mtoto alikuwa wa kike, jina lake Salma. Daktari Erasto, mkuu wa kituo, alimpokea. Alikuwa mtu wa Moshi, mpole, mwenye kuvaa tai hata siku za joto kali. Alimtoa mtoto damu kidogo kisiginoni. Tuliitazama kwa hadubini ya kawaida, hatukuona kimelea hata kimoja. Lakini vimelea wakati mwingine huwa vichache na kujificha, kwa hiyo tukafanya kile kipimo chetu cha kung'aa.

Kilikuwa kijani. Samaki wadogo kioo kizima.

Sabina alinyanyua uso kutoka kwenye hadubini, akampisha Daktari kiti. 

Daktari Erasto aliangalia mwenyewe, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai.

"Ana homa, mama yake aliugua, na kipimo ni hiki," alisema. "Siwezi kumwacha. Malale ya huku hayangoji. Ijumaa nitaanza dawa."

"Dawa gani, Daktari?" Sabina aliuliza, ingawa alijua.

"Ile ile, Mama Komba. Kama ugonjwa umefika kichwani hakuna nyingine."

Dawa ile ina sumu ya aseniki ndani yake. Hupigwa kwa sindano ya kioo iliyokauka kabisa, na ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Wengi huwaponya. Wachache huanza kutetemeka siku chache baadaye, wakapoteza fahamu, wasiamke. Sabina alikuwa ameshika mkono wa mmoja wa hao, kijana mvuvi wa miguu mirefu ambaye kitanda hakikumtosha, na tangu hapo kila daktari alipoiandika dawa hiyo yeye alirudia kipimo bila kuambiwa. Wengine walimwona msumbufu. Mvuvi yule alikuwa mtu mzima mwenye kifua kama mlango. Huyu alikuwa na kilo tatu.

Ashura alitaka kuambiwa ukweli. Sabina alikaa naye kwenye mkeka.

"Mwanangu, damu ya mtoto imeonyesha kitu. Lakini sijaridhika."

"Hujaridhika nini, mama?"

"Bado sijui. Nikijua nitakwambia. Wewe mnyonyeshe, hata kidogo kidogo."

Tuliporudi ndani nilimwambia Sabina jambo lililokuwa likinisumbua tangu tulipoona kijani. Nililisema polepole, kama ninavyosema kila kitu. Kingamwili za binadamu si za namna moja. Ziko ndogo, tulizoziita G, na ziko kubwa, tulizoziita M. Zile ndogo hupita kwenye kondo la nyuma, zikatoka kwa mama zikaingia kwa mtoto tumboni, na hukaa naye miezi kadhaa baada ya kuzaliwa. Zile kubwa hazipiti. Kingamwili yetu ya pili ya kila siku hushika zote, ndogo na kubwa, bila kuchagua. Kwa hiyo kijani tulichokiona huenda si cha Salma hata kidogo. Huenda ni kingamwili za Ashura, alizompa mwanawe bila kujua, kama alivyompa pua yake.

"Na kama mtoto ni mgonjwa yeye mwenyewe?"

"Atakuwa na M zake. Hizo hawezi kupewa na mama."

Sabina aliniangalia, kisha akaliangalia jokofu.

"Mdogo wangu," alisema, "kumbe tumeuliza damu swali lisilo lake."

Tukaanza kupekua jokofu. Nyuma ya chupa za kila siku tulikuta vichupa viwili tulivyoletewa na mradi zamani na ambavyo hatukuwahi kuvifungua. Kimoja kilikuwa kingamwili ya mbuzi inayoshika M ya binadamu peke yake, lakini haikupakwa rangi. Kingine kilikuwa kingamwili ya sungura yenye rangi, inayoshika kingamwili za mbuzi. Tukaelewa. Ngazi itakuwa na kipande kimoja zaidi. Kwanza seramu ya mtoto, juu yake ya mbuzi inayotafuta M, na juu yake ya sungura yenye rangi inayomtafuta mbuzi. Kama mtoto hana M, mbuzi hatakuwa na pa kukaa, na sungura hatakuwa na mbuzi wa kumshika. Giza.

Sabina aliimba kwa sauti ya chini akiandaa vioo. Aliandaa kimoja cha mtoto, kimoja cha Ashura kwa seramu tuliyohifadhi tangu alipokuwa mgonjwa, kimoja cha damu yangu, mimi niliyekuwa sina malale, na kimoja kisicho na damu ya mtu yeyote, maji ya chumvi tu. Hicho cha mwisho hakiwezi kung'aa. Kikiwa na nuru, ujue umekosea wewe.

Tulizima taa. Cha mtoto kilikuwa kijani. Sabina alishusha pumzi nzito. Akaweka cha Ashura, kijani. Akaweka changu, kijani.

"Kumbe na wewe unaumwa," alisema, lakini bila kucheka.

Akaweka cha maji ya chumvi. Kilikuwa kijani kuliko vyote, kioo kizima, kama majani ya mpunga baada ya mvua.

Tulikaa gizani. Nikamsikia akijigonga paji la uso kwa kiganja.

"Mbuzi," alisema. "Mbuzi wangu wa machinjioni! Nimeziba vioo vyote kwa seramu ya mbuzi. Halafu nimeleta rangi inayotafuta mbuzi. Imemkuta kila mahali!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mikono yake ilifanya kilekile ilichofanya kwa miaka, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikimtazama, nisione ajabu yoyote, kwa sababu kila kioo katika maabara ile kilianza na mbuzi.

Tulijaribu bila kuziba. Ukatokea ukungu wa kijani kila mahali, ambao usingeweza kuapa kwamba ni ugonjwa wala kwamba si ugonjwa. Daktari Erasto alipoingia alishauri tuzibe kwa maziwa ya unga.

"Maziwa ni ya ng'ombe, Daktari," Sabina alisema. "Ng'ombe na mbuzi ni ndugu. Hii rangi ikimkosa mbuzi itamshika ng'ombe."

"Kuku je?" niliuliza. "Kuku si ndugu wa mbuzi."

"Labda kuku atafaa. Lakini sitaki labda kwa mtoto huyu. Rangi imetoka kwa sungura, tuzibe kwa sungura, kama kawaida yetu ilivyo." Alivua koti la maabara. "Nani ana sungura Mtwara hii?"

Daktari Erasto alikumbuka shule moja ya msingi kule Mtawanya. Miaka ile kila shule ilitakiwa kuwa na mradi wa kujitegemea. Nyingine zilikuwa na shamba la mihogo, nyingine zilifuga kuku, na hiyo ya Mtawanya, alisema, ilisifiwa hata kwenye mkutano wa wilaya kwa sungura wake.

Ilikuwa Alhamisi. Gari la mradi halikuwa na petroli. Sabina alichukua kikapu na mwavuli, tukaenda kwa miguu. Tulipofika wanafunzi walikuwa wameshatawanyika. Mkuu wa shule, Mwalimu Muhidini, alikuwa peke yake akimwagilia miche ya mikorosho. Alikuwa mwembamba, amevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi ikaiva. Mabanda ya sungura yalikuwa nyuma ya ofisi, safi, kila banda lina jina la darasa.

Njiani Sabina alikuwa ameniambia nizungumze mimi, kwa kuwa nina shahada na walimu hupenda shahada. Nilijaribu. Nilisema kuhusu seramu, na kuziba, na kingamwili. Mwalimu Muhidini alinisikiliza kwa adabu kubwa mpaka mwisho.

"Ndugu yangu," alisema, "kwa ufupi unataka sungura."

"Damu yake kidogo tu, Mwalimu."

"Nimesikia mengi kwa watu wanaotaka sungura. Mmoja aliniambia ni wa dawa ya mkewe. Nikapita kwake jioni, nikanusa kitunguu." Alitua ndoo chini. "Hawa ni mali ya shule. Si wangu. Inabidi niite kamati, kamati ikae, iafikiane. Mwenyekiti amekwenda Newala kwenye msiba. Akirudi, Jumatatu tunaweza kukaa."

"Mtoto anaanza kupigwa sindano kesho," nilisema.

Uso wake ulibadilika, nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya. "Mimi nakuelewa, binti. Lakini mwaka jana alipotea mmoja tu, nikahojiwa kama mwizi. Mimi si mtu wa hapa. Mimi ni mtu wa Tunduru. Mgeni akikosea, kosa lake linakuwa mara mbili."

Sabina, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akijipepea, aliinua kichwa.

"Umesema wa wapi?"

"Tunduru, mama."

"Tunduru Myao?"

"Myao kamili, baba na mama."

Sabina alisimama. Uso ulimchanua kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza.

"Ee Mungu wangu, tumepoteza muda wote huu na shahada! Mimi ni Mngoni. Komba, wa Peramiho. Unanipa habari za kamati, mtumwa wangu?"

Mwalimu Muhidini alirudi nyuma hatua moja, akashika kiuno. Wangoni na Wayao ni watani tangu vita vya mababu zao. Ile adabu yote ikamtoka, na kumbe chini yake palikuwa na mtu mwingine kabisa, mcheshi.

"Lo! Mngoni! Nilisikia harufu ya pombe nikadhani ni mikorosho imeharibika!"

"Babu yako alimkimbia babu yangu mpaka akaishiwa na nchi. Umefika baharini, sasa utakimbilia wapi?"

"Babu yako alikuwa akiiba ng'ombe. Wewe umefikia sungura. Kweli Wangoni mmekwisha!"

"Basi leo namwiba," Sabina alisema, akaenda moja kwa moja kwenye banda lililoandikwa Darasa la Sita, akafungua mlango, akamshika sungura mmoja mkubwa wa kijivu kwa ngozi ya shingo, akamtia kwenye kikapu.

"Mtani! Mtani, huyo ndiye dume la mbegu!"

"Wewe si ulisema si wako? Mwenyekiti wako akikuuliza, mwambie umenyang'anywa na Mngoni. Yeye ni mtu gani?"

"Mmakua."

"Mmakua ataelewa. Atakucheka wewe, hatakuhoji."

Mwalimu Muhidini alitufuata nyuma. Kwetu huku mtani akikuchukulia kitu huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kutukana, na alitukana kwa ufasaha mpaka tulipofika barabarani. Lakini kamati yoyote kusini hii ingekubali maelezo hayo kuliko maelezo yangu ya seramu, na yeye alilijua hilo. Niliposogea kuaga niliona amepumua, kama mtu aliyevuliwa mzigo na mtu mwingine.

"Mrudishe mzima!" alipiga kelele. "Na ujue nitakuja kwako, Mngoni! Nitachukua ninachokitaka!"

"Karibu! Nyumbani kuna mende, chagua!"

Njia nzima ya kurudi mwavuli ulikuwa juu ya kikapu. Sungura alitoa masikio nje akitazama dunia.

Sabina alimweka juu ya meza akampa matembele. Alipangusa ukingo wa sikio kwa spiriti, akapapasa mshipa kwa kidole, akautoboa kwa ncha ya sindano. Matone yalishuka kwenye bomba la kioo moja baada ya jingine, na sungura akaendelea kutafuna kana kwamba sikio ni la jirani. Damu iliganda. Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa imejitenga, seramu safi ya manjano ikiwa juu.

Daktari Erasto alikuwa ameshatoa sindano ya kioo ichemshwe na kukaushwa. Tulimwomba asubiri tumalize. Alikubali, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, mikono katikati ya magoti. Kupitia dirisha nilimwona Ashura kwenye baraza ya wodi, mtoto kifuani. Hakuwa akitazama kitu chochote.

Sabina hakuimba. Aliziba kwa sungura. Akasuuza. Seramu ya mtoto, akasuuza. Mbuzi wa M, akasuuza. Sungura mwenye rangi. Kila alipogusa chupa alilisema jina la mnyama kwa sauti, ili mikono isimtangulie.

Taa zikazimwa. Alianza na cha maji ya chumvi, na nikajua ni kwa sababu anaogopa.

"Giza," alisema.

Cha damu yangu. "Giza. Umepona, mdogo wangu."

Cha Ashura, cha siku za ugonjwa wake. "Samaki. Samaki wengi. Njoo uone." Niliona. Vimelea vilikuwa vimeng'aa vizuri, na pembeni mwake palikuwa peusi safi. Kipimo kilikuwa kikifanya kazi. Kilijua kuona M pale ilipokuwepo.

Akaweka cha Salma. Alizungusha gurudumu, akasogeza kioo kulia, akasogeza kushoto, akakirudisha.  Kisha akajitoa taratibu kwenye kiti, akanisukuma mimi nikae.

Palikuwa na giza. Niliangalia pembe hadi pembe. Vimelea vilikuwepo, nilijua vipo kwa sababu tulivikausha wenyewe, lakini hakuna kilichokuwa kimevishika. Daktari Erasto aliangalia baada yangu. Alirudia na taa ikiwa imeongezwa mwanga. Kisha alikwenda wodini, akamchunguza mtoto upya, utosini hadi unyayoni, polepole, kama mtu asiye na dawa mkononi inayomharakisha. Ndani ya sikio la kushoto alikuta usaha.

"Sikio," alisema aliporudi, na tai yake ilikuwa imelegea. "Ni sikio. Nitampa penisilini. Na damu tutaendelea kuichukua kila baada ya muda, tuone zile za mama zikipungua." Aliinua ile sindano ya kioo kutoka kwenye trei, akairudisha kabatini mwenyewe, akafunga kabati kwa ufunguo.

Sabina ndiye aliyekwenda kwa Ashura. Mimi nilisimama mlangoni.

"Tumeona giza," alimwambia.

Ashura alishtuka. "Giza?"

"Giza ndilo zuri, mwanangu. Kile cha kijani tulichokiona kwanza kilikuwa chako. Ulipougua mwili wako ulipigana, na silaha zako zikaingia kwake akiwa tumboni. Hana ugonjwa. Ana urithi tu."

 Ashura alimgeuza mtoto, akamtazama usoni kwa muda, kisha akainama akaanza kulia kwa namna ya watu waliochoka, bila sauti, mabega tu. Sabina alimchukua Salma mikononi ili mama apate nafasi ya kulia vizuri. Mtoto akamshika Sabina kidole, akajaribu kukinyonya.

"Hiki kina mbuzi na sungura," Sabina alimwambia. "Subiri maziwa."

Mwalimu Muhidini alikuja maabara Jumapili kwa baiskeli kumchukua dume lake. Tulimwonyesha sikio, ambalo halikuwa na hata kovu. Sabina alimpikia wali na samaki, wakatukanana tangu wali ulipoingia mezani hadi waliponawa mikono, naye Mwalimu akaniambia mimi niliyekuwa nacheka kwamba nijihadhari na huyu mwanamke. Kuaga aliaga kwa heshima zote. Akapita mlangoni, akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akauchukua ule mwavuli mweusi wa mpini uliopinda, akaufunga kwenye baiskeli pamoja na kikapu cha sungura.

"Mtani!" Sabina alisema.

"Nani anakasirika? Nakuona unakasirika."

"Sikasiriki."

"Basi kwaheri, Mngoni."

Hakukasirika kweli, au alijizuia. Alisimama uani akimwangalia anavyokwenda, mwavuli ukimning'inia ubavuni, akacheka mpaka akashika ukuta. Baadaye Mwalimu huyo huyo alituletea sungura wawili wadogo tuwafuge nyuma ya maabara, na Sabina akawajengea banda. Aliandika juu yake kwa chaki: Darasa la Sita. Safari za machinjioni hakuziacha, ila kila alipoanza kioo alisimama kwanza, akaishika chupa ya rangi, akauliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Wageni walioitembelea maabara hawakuelewa anamuuliza nani.

Siku Ashura aliporuhusiwa kurudi Mahurunga jua lilikuwa kali. Salma alikuwa amepona sikio, amenenepa shingo, na arobaini yake ilikuwa imetimia wodini kwetu bila sherehe. Gari la mradi lilipata petroli, likawa linanguruma barabarani. Sabina alitoka na mtoto, amemfunga kifuani kwa mbeleko, akapeleka mkono nyuma ya mlango kwa mazoea, akakumbuka.

"Myao yule," alisema.

Alivua kanga aliyojifunga begani, akampa Ashura ncha mbili ashike, yeye akashika ncha mbili, wakainyoosha juu ya mtoto. Wakaenda hivyo hadi garini, hatua kwa hatua, Salma amelala kivulini, wao wenyewe wanachomwa na jua.